Fanyeni Rafu Yenu: Hotuba kwa Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, wakuu wa idara, wahadhiri wenzangu, wazazi na walezi mliosafiri usiku kuwaleta vijana wenu, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao ndio sababu ya sisi sote kukusanyika asubuhi hii, nawasalimu kwa heshima na taadhima.

Nimeombwa niseme juu ya mazoezi ya kozi. Mmekwisha kuelezwa kwamba, kama ilivyo katika vyuo vingi nchini, mazoezi na majaribio ya muhula yana alama 40 kati ya 100, na mtihani wa mwisho una alama 60. Hesabu hiyo mnaijua, kwa hiyo sitairudia. Ninalotaka kuwaambia ni jambo moja, nalo linahusu kila mmoja wenu, awe amekuja kusoma kemia, uhasibu, sheria, historia au isimu: zoezi hufanywa kwenye karatasi ya rafu, yaani ya kujaribia, kabla ya kufanywa kwenye karatasi ya kukusanywa, na anayeiruka rafu hiyo, ama kwa kunakili ama kwa kukimbilia jibu, huwa ameruka kile hasa alichokuja kukitafuta hapa.

Kabla wiki hii haijaisha, mtapewa desa. Najua kwamba mtapewa, kwa sababu nami nilipewa. Atakuja kaka au dada wa mwaka wa tatu, kwa nia njema kabisa, na atawakabidhi fungu la fotokopi zilizofifia, lenye maswali ya miaka iliyopita na majibu yake. Sisemi mlikatae. Maswali ya zamani yana faida kubwa, na mwenye kuyafanya moja baada ya jingine hujifunza namna wahadhiri wa somo wanavyofikiri. Ninachowaomba ni kwamba mkunje ukurasa wa majibu na kuuweka mbali, kwa sababu ambayo niliijua kwa gharama.

Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza tulipewa swali la titresheni, yaani kutafuta ukolezi wa kimiminika kimoja kwa kukilinganisha na kingine. Lilisema kwamba sentimita za ujazo 25.0 za hidroksidi ya sodiamu zililinganishwa na sentimita za ujazo 20.0 za asidi ya salfuriki yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita, tukatakiwa kutafuta ukolezi wa hidroksidi. Desa letu lilikuwa na swali hilohilo. Jibu lililoandikwa humo, kwa mwandiko mzuri ulionyooka, lilikuwa 0.08. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja katika kikundi chetu, na sote kumi na mmoja tukaandika 0.08. Mhadhiri hakutukemea. Aliandika mlingano ubaoni, akauacha hapo bila kusema neno, nasi tukautazama.

Molekuli moja ya asidi ya salfuriki humaliza molekuli mbili za hidroksidi ya sodiamu. Moli za asidi zilikuwa 0.002, kwa hiyo moli za hidroksidi zilikuwa 0.004, na ukigawanya kwa lita 0.025 unapata 0.16, ambayo ni mara mbili ya jibu letu. Aliyeandika desa lile, miaka kadhaa kabla yetu, alisahau kuusawazisha mlingano, na kosa lake likarithiwa darasa kwa darasa kama mali ya ukoo. Kilichoniuma si alama nilizopoteza. Niliumia kwa kujua kwamba mlingano ule ningeweza kuusawazisha nikiwa kidato cha tatu, na kwamba nisingekosa endapo ningechukua dakika mbili kuuandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa na ujuzi lakini sikuutumia, kwa sababu nilikuwa na jibu.

Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba kila swali lina mahali linapogeukia. Katika swali lile mahali penyewe palikuwa ile namba 2 ndogo mbele ya hidroksidi. Mengine yote yalikuwa kuzidisha na kugawanya, kazi ambayo kikokotoo hukufanyia. Anayefanya rafu hupita mahali hapo kwa miguu yake, naye hupatambua hata swali likija limevaa nguo nyingine. Anayenakili hupelekwa ng'ambo akiwa amelala.

Kwa wenzangu wa fizikia na uhandisi, mahali hapo mara nyingi huwa kwenye vizio, yaani vipimo kama mita, kilo au nyutoni. Mwezi Septemba 1999 chombo cha Marekani kilichoitwa Mars Climate Orbiter, baada ya safari ya zaidi ya miezi 9 kuelekea sayari ya Mirihi, kilipotea kikiwa kinaingia kuizunguka sayari hiyo, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa kizio cha paundi na nyingine ikazipokea kana kwamba ni za nyutoni. Waliokuwa wakikiongoza walikuwa wataalamu wa kiwango cha juu. Kwa hiyo mhadhiri anapokukata alama kwa kuandika 490 bila kuandika 490 za nini, usimwone mkali. Hiyo 490, kwa taarifa yenu, ni uzito wa mfuko wa saruji kwa nyutoni. Mtaani tunasema mfuko ule una uzito wa kilo 50, na fundi hakosei kusema hivyo, lakini katika fizikia kilo 50 ni tungamo, na uzito ni kani ambayo dunia huuvutia mfuko huo. Mwanafunzi aliyezoea maneno ya mtaani, akiingia katika swali la kani bila kusimama kwenye rafu na kujiuliza ni lipi kati ya hayo mawili alilopewa, atakosea tangu mstari wa kwanza.

Wahasibu nao wana bahati ambayo wengine hawana, kwa kuwa kazi yao hujikagua yenyewe kwa kiasi fulani. Kila muamala huandikwa mara mbili, debiti upande mmoja na krediti upande wa pili, utaratibu ambao Mwitaliano Luca Pacioli aliueleza katika kitabu kilichochapwa Venisi mwaka 1494, na mwisho wa kipindi pande mbili hukutanishwa kwenye urari, yaani orodha ya salio za akaunti zote. Nimewaona wanafunzi, saa sita za usiku, urari ukiwa haulingani, wakiingiza akaunti ya muda kuziba pengo na kwenda kulala. Wanangu, tofauti ile inasema kitu, isikilizeni. Ikiwa inagawanyika kwa 9, shuku kwanza kwamba umezigeuza tarakimu mbili mahali fulani, kwa mfano umeandika 45,000 badala ya 54,000, kwa maana tofauti ya kugeuza tarakimu jirani siku zote hugawanyika kwa 9. Ikiwa inagawanyika kwa 2, igawanye, kisha utafute kwenye leja kiasi kinachofanana na nusu hiyo, kwani huenda kimeandikwa upande usio wake. Hizi ni dalili tu, hazithibitishi kosa, lakini humtoa mtu gizani. Vilevile mkumbuke kwamba urari unaolingana haujawa salama bado: umeme ukiingizwa kwenye akaunti ya kodi ya pango, pande zote mbili zitalingana vizuri na hesabu itabaki kuwa ya uongo.

Nalisema hilo la uongo kwa uzito, kwa kuwa katika takwimu namba zinaweza kuwa sahihi zote na jibu likapotosha watu. Chukueni wauza samaki saba ambao mapato yao ya siku, kwa shilingi, ni 12,000, 14,000, 15,000, 15,000, 16,000, 18,000 na 120,000. Mfano huu nimeutunga, lakini mwenye kwenda sokoni ataona kwamba unawezekana, maana huyo wa mwisho ndiye mwenye jokofu na gari. Jumla ni 210,000 na wastani ni 30,000. Ni nani kati yao anayepata 30,000? Hakuna. Namba ya kati ni 15,000, na hiyo ndiyo inayomweleza mama aliyekaa na beseni lake juani. Mwanafunzi aliyeandika 30,000 amekokotoa sawasawa, ila hakuuliza swali lenyewe lilitaka kujua nini, na ripoti yake ikifika kwa mtu anayepanga ushuru wa soko, mama yule atalipa.

Sasa nizungumze na wale wanaodhani kwamba haya ni ya wenye kikokotoo peke yao. Wanafunzi wa Kiswahili, nawatazama ninyi kwa mapenzi na kwa wasiwasi, kwa sababu ninyi ndio mnaoingia darasani mkiwa na hakika kuliko wote. Lugha ni ya kwenu, mnaizungumza tangu utotoni, basi rafu ya nini? Mnapewa sentensi, "Mwalimu alimpigia mtoto mpira," mnaambiwa mfafanue utata wake. Wengi huandika maana mbili upesi na kufunga daftari. Ichukueni sentensi hiyo muikate kwenye rafu: a-li-m-pig-i-a. Utata wote umejificha katika ile -i- moja ya kauli ya kutendea. Mwalimu aliupiga mpira kwa niaba ya mtoto ambaye pengine alikuwa ameumia mguu. Au aliupiga mpira kumwelekezea mtoto. Au alimchapa mtoto kwa sababu ya mpira, labda ulivunja kioo cha dirisha. Au alimchapa kwa kutumia mpira, ule wa kumwagilia maji. Hizo ni maana nne, nazo hazipatikani kwa kuwa mzawa wa lugha. Mzawa husikia ile moja inayofaa mazingira yake, na sikio lake huziacha nyingine zipite. Ni mkono unaokata viambishi, ukiuliza kila kimoja kinafanya kazi gani, ndio unaozifichua. Mimi mwenyewe kila ninapolifundisha swali hili husimama kidogo kwenye -i- hiyo na kustaajabu, namna silabi moja inavyobeba huruma na fimbo kwa pamoja.

Katika historia, swali hugeukia kwenye kitenzi cha agizo. Eleza, jadili, linganisha, chambua na tathmini ni amri tofauti, na kila moja hudai kazi yake. Tuseme umeulizwa: "Tathmini dai kwamba imani ya maji ndiyo iliyosababisha Vita vya Maji Maji." Insha nyingi ninazosoma hujibu swali ambalo halikuulizwa, zikiorodhesha sababu za vita moja baada ya nyingine, kodi, pamba, kazi za kulazimishwa, ukatili wa maakida, halafu Kinjeketile, mganga aliyegawa maji ya dawa yaliyoaminiwa kuzishinda risasi za Wajerumani, kila moja sentensi tatu. Mambo yote hayo ni ya kweli, lakini hakuna kilichopimwa. Mwanafunzi aliyefanya rafu angeandika kwanza miaka. Mashamba ya pamba ya kulazimishwa yalianza mwaka 1902. Kinjeketile Ngwale alianza kutoa maji kule Ngarambe mwaka 1904. Wamatumbi walipoing'oa pamba ilikuwa Julai 1905, na mapigano yakaendelea hadi 1907. Miaka hiyo ikishakaa mbele yake, ataona kwamba hasira ilitangulia dawa, kwa hiyo maji hayawezi kuwa chanzo cha hasira. Kisha atajiuliza ni kwa nini basi Wamatumbi, Wangindo, Wambunga na Wangoni, ambao hawakuwa na mtawala mmoja, walisimama katika vita moja, na hapo maji yatampa jibu ambalo pamba haiwezi kulitoa. Na kama ni makini atauliza tena, mbona Wahehe, waliopigana na Wajerumani chini ya mtawala wao Mkwawa miaka michache tu kabla, hawakujiunga? Insha imekwisha kuzaliwa, na bado hajaandika sentensi hata moja ya karatasi ya kukusanywa.

Wanasheria nitawagusa kwa kifupi, kwa kuwa walimu wenu watawakalisha juu ya jambo hili muhula mzima. Hadithi ya kijana wa miaka 16 aliyeuza pikipiki ya marehemu baba yake haikuletwa ili mumhurumie au mumlaumu. Tengeni ukweli wa tukio, tafuteni hoja inayobishaniwa, nendeni kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10 na cha 11, muone nani mwenye uwezo wa kufunga mkataba, ndipo muurudishe ukweli ule na kuupitisha chini ya kifungu. Wengi hutaja kifungu, kisha hutaja hukumu, na katikati pako wazi. Pale katikati ndipo zilipo alama.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, naomba dakika chache kwa ajili ya kijana mmoja ambaye kila mwanafunzi wa nchi hii angepaswa kumjua kwa jina. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, milimani Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ndogo, Mpemba akahofia kuikosa, akayaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Yaliganda kabla ya maziwa ya mwenzake yaliyowekwa yakiwa baridi. Aliuliza kwa nini, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Aliuliza tena alipokuwa Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na wenzake wakapata neno la kumcheka nalo.

Hakuacha. Alipokuja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa, kijana alisimama mbele ya wote na kuuliza swali lake upya, safari hii likiwa limepangwa: ukichukua maji ya ujazo ulio sawa katika vyombo viwili, moja nyuzi 35 na mengine nyuzi 100, ukayaweka kwenye friza, yale ya nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Sikilizeni jinsi lilivyokuwa limekua. Maziwa yameondoka, sukari imeondoka, ujazo umelinganishwa, joto limetajwa kwa namba. Tangu siku ya aiskrimu hadi siku ile Mpemba alikuwa amefanya rafu, akijaribu kwa vyombo alivyovipata, jikoni na maabara, mpaka swali likawa la kupimika. Osborne aliahidi kulijaribu akirudi Dar es Salaam, akalijaribu kweli, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja, Mpemba akiwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka.

Wanasayansi wanabishana hadi leo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti uliosema kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha kuwa jambo hilo hutokea katika maji, na wengine wameendelea kulitafuta kwa njia nyingine. Mimi silioni hilo kuwa doa kwa Mpemba. Swali lake bado linafanya kazi maabara za mbali, na jibu alilopewa darasani lilikufa siku hiyohiyo.

Limebaki jambo la lugha, nalo nalisema kwa uchungu. Wengi wenu mlisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, mkaingia sekondari mkakuta Kiingereza, na sasa maswali yenu, isipokuwa ya somo la Kiswahili, yatawajia kwa Kiingereza. Nimeona vijana wenye akili kali wakikosea si kwa kutojua somo bali kwa kupita juu ya neno moja la swali bila kulielewa, na kwa aibu wasimuulize mtu. Ushauri wangu ni huu: kwenye rafu, liandikeni swali upya kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo ungemwambia mdogo wako nyumbani. Ukishindwa kulisema kwa Kiswahili, hujalielewa kwa Kiingereza pia, na hapo umejua cha kumuuliza mhadhiri. Mlango wangu uko wazi kwa swali la namna hiyo, nami sitakuuliza kwa nini hukujua.

Na katika vikundi vyenu vya kujisomea, kila mmoja aje na rafu yake mkononi. Kikundi cha watu sita ambamo mmoja amefanya na watano wamekuja kuchukua ni desa lenye miguu. Lakini sita wakija na rafu sita, mkiziweka mezani na kukuta namba zinatofautiana, tulieni hapo hata saa nzima. Mnatafuta pamoja ni mstari upi mliachana, na mstari huo mara nyingi ndio mahali swali linapogeukia.

Sasa wasaidizi wangu watapita safu kwa safu kugawa karatasi mbili kwa kila mtu, moja yenye maswali matano kutoka idara tano, na nyingine tupu. Hatutakusanya ya kwanza. Tutakusanya ile tupu, kama mtakavyokuwa mmeiandika, pamoja na makosa mliyoyakata kwa mstari mmoja ili yasomeke. Fanyeni hata lile ambalo si la fani yenu. Swali la kwanza ni urari wa duka la vifaa vya ujenzi ambao pande zake zimeachana kwa shilingi 27,000. Mna dakika 40.